Kuchonga funguo Mara: Kazi ya halali yenye majaribu mengi

Kabla ya kuhesabu shilingi ya kwanza, kikundi cha kuweka na kukopa hufanya kazi moja ya mikono. Wanachama watatu husogea mbele, kila mmoja na ufunguo wake, na makufuli matatu ya sanduku moja hufunguliwa mbele ya wote. Anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Wenye funguo hawalali na sanduku. Kwa kanuni za vikundi vingi, hata mwenyekiti na mweka hazina hawaruhusiwi kushika ufunguo.

Utaratibu huo ulianzia nchini Niger mwaka 1991 katika mradi wa shirika la CARE, ukaenea sehemu kubwa ya Afrika. Leo mkulima wa pamba wa Bunda, muuza dagaa wa Mwigobero mjini Musoma na mama mwenye genge pale Butiama wanaufahamu vizuri. Hesabu yake ni nyepesi: ili fedha ziibwe kimya kimya, lazima watu wanne wakubaliane, na si rahisi watu wanne kukubaliana juu ya wizi bila mmoja wao kusema.

Lakini yuko mtu wa tano ambaye kanuni za kikundi hazimtaji. Huyo ni fundi wa kuchonga funguo. Mtu mmoja mwenye subira akiazima ufunguo wa kwanza leo, wa pili mwezi ujao na wa tatu baada ya mavuno, kisha akapata fundi asiyeuliza swali, makufuli matatu yamekuwa moja na watu wanne wamekuwa mtu mmoja. Siku fedha zikipotea hakuna kufuli lililovunjwa. Watakaowekwa kiti moto ni wale watatu wenye funguo na yule aliyelala na sanduku, na pengine wote hawana hatia.

Kwa hiyo swali la kijana anayefikiria kuingia katika ufundi huu linamgusa pia mkulima na mfanyabiashara ambaye hatashika tupa maisha yake yote. Je, kazi hii inalipa? Je, ni ya heshima? Na hatari zake anazibeba nani?

Mtaji mdogo, soko dogo

Upande wa fedha, ufundi wa funguo unavutia. Hauhitaji shamba wala mvua. Meza, jiriwa, tupa za aina mbalimbali, funguo tupu zisizochongwa na, kwa mwenye uwezo, mashine ya umeme ya kunakilia. Wapo mafundi wanaochonga kwa tupa peke yake na ufunguo ukaingia bila kukwama. Kazi hii kwa kawaida hujifunzwa pembeni ya fundi mwingine, miezi ya kukaa na kutazama kabla ya kuruhusiwa kuharibu ufunguo wa kwanza.

Tuchukue hesabu ya mfano, ambayo kila mtu anaweza kuibadilisha kwa bei za mtaani kwake. Tuseme mashine imenunuliwa kwa Sh800,000. Kuchonga ufunguo mmoja wa kawaida ni Sh2,000, na ufunguo mtupu umenunuliwa kwa Sh500. Faida ghafi ni Sh1,500. Kibanda, umeme, ushuru na uchakavu wa vifaa vinakula Sh80,000 kwa mwezi, awe amepata wateja au hakupata.

Fundi anayepata funguo tano kwa siku, siku 26 za kazi, anachonga funguo 130 kwa mwezi. Faida ghafi ni Sh195,000. Ukitoa gharama za kibanda anabaki na Sh115,000. Mashine inarudisha fedha zake baada ya miezi saba hivi, kama fundi huyo atakuwa anakula kwa jasho la mtu mwingine. Akipata funguo nane kwa siku, anabaki na Sh232,000. Tofauti ya funguo tatu tu kwa siku imeongeza mapato yake maradufu, kwa sababu kibanda hakiongezi kodi eti wateja wameongezeka.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii, na ndiyo sababu mafundi wengi mijini hawachongi funguo peke yake. Meza moja ina saa zilizofunguliwa, mihuri ya mpira, redio, miavuli na betri za rimoti. Ufunguo hauchakai kama soli ya kiatu. Mwenye nyumba anaweza kukaa miaka mitano bila kumtafuta fundi. Musoma mjini, penye soko la Nyasho, ofisi za mkoa, nyumba za kupanga na magari, funguo tano kwa siku si ndoto. Bunda nayo, kwa kuwa iko njia kuu ya Mwanza kwenda Sirari, ina wapita njia, nyumba za wageni na maduka. Lakini kwa kijiji cha Butiama, au hata Kiabakari, hesabu ya funguo tano kwa siku itamdanganya kijana. Huko ufundi huu unafaa kuongezwa juu ya kazi nyingine, kama kuchomelea vyuma au kutengeneza pikipiki. Kutegemea funguo peke yake ni kujitafutia njaa.

Mtaji nao una njia zake. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao nne ni za vijana, ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na hautozwi riba. Unatolewa kwa vikundi, na vijana wenye kazi ya namna hii wanaweza kuungana. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi Musoma. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani katika fani kadhaa, na mwenye mchanganyiko wa kuchomelea na funguo anaweza kuanzia hapo.

Sasa turudi kwa fundi wa funguo tano. Siku moja anakuja mtu na alama ya ufunguo iliyokandamizwa kwenye kipande cha sabuni. Anataka ufunguo mmoja na anaweka mezani Sh100,000. Hiyo ni karibu mapato yake ya mwezi mzima kwa kazi ya nusu saa. Asiyeona ukubwa wa jaribu hilo hajawahi kukaa kwenye kibanda siku ya mvua bila mteja.

Lakini hesabu ile ile inajibu. Habari zikivuja mtaani kwamba funguo za wizi zilichongwa kwake, tuseme nusu ya wateja wanahama. Anabaki na funguo 65 kwa mwezi, faida ghafi Sh97,500. Ukitoa Sh80,000 za kibanda, anabaki na Sh17,500. Amepoteza Sh97,500 kila mwezi. Ile laki moja imefidia mwezi mmoja tu, na mwezi wa pili anaanza kuuza vifaa. Hapo polisi bado hawajafika. Mashine inaweza kununuliwa tena Mwanza au Dar es Salaam. Wateja wanaomwamini hawauzwi dukani.

Kuna anayeweza kujibu kwamba habari si lazima zivuje. Ni kweli. Ila mwizi aliyekamatwa ana sababu nyingi za kumtaja fundi na hana hata moja ya kumficha.

Kufungua ni kuvunja

Wengi hudhani kuvunja nyumba ni kupiga mlango teke au kutoboa ukuta. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina maana pana zaidi. Kwa sheria hiyo, anayefungua mlango kwa ufunguo, kwa kusukuma, kwa kuvuta au kwa njia nyingine yoyote, akiwa na nia ya kutenda kosa, naye amevunja. Kuvunja nyumba mchana kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 14, na usiku hadi miaka 20. Mwenye kumsaidia mtenda kosa kwa kujua anahesabiwa kuwa mtenda kosa pia. Ufunguo laini usioacha mkwaruzo haumpunguzii mtu adhabu hata kidogo.

Kadhalika, kukutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali ni kosa linalojitegemea, hata kama hakuna mlango ulioguswa. Mwenye zana ndiye anayetakiwa kueleza. Mkoba wa fundi funguo, ukiuangalia kwa macho ya askari wa doria saa nane za usiku, una kila kitu kinachotafutwa: waya, tupa nyembamba, bisibisi, bunda la funguo na pengine ule ufunguo ambao mitaani huitwa ufunguo malaya kwa sababu hauchagui kitasa.

Lakini kwa fundi wa Mara, askari huenda ndiye mtu salama zaidi wa kukutana naye usiku. Hatari kubwa ni wananchi wenye hasira. Mtu anayeonekana ameinama kwenye mlango wa duka gizani, mtaa ukiwa umeibiwa wiki iliyopita, hapewi nafasi ya kueleza kwamba ameitwa na mwenye duka. Mwano ukipigwa kwanza, maelezo hufuata baadaye, na mara nyingine hakuna wa kuyatoa. Kwa hiyo fundi anayekubali kazi ya usiku bila mwenyekiti wa mtaa, mjumbe au jirani anayefahamika kusimama pale na taa, anacheza na uhai wake kwa malipo ya Sh10,000. Akatae. Mteja aliyefungiwa nje atalala kwa jirani, asubuhi mlango utafunguliwa.

Mteja asiye na mlango wake

Mwizi wa sabuni ni mteja rahisi kumkataa kwa sababu anajulikana ni mwizi. Kazi ngumu ni wateja wenye sababu nzuri, wenye machozi na wenye haraka.

Mfano mzito zaidi kwa mkoa huu ni mirathi. Mzee amefariki. Chumba chake kimefungwa, ndani kuna kabati, hati ya kiwanja, kitabu cha benki na pengine fedha za mauzo ya ng'ombe. Watoto wa mama mkubwa wanamleta fundi asubuhi, kabla watoto wa mama mdogo hawajafika kutoka Mwanza. Wote wanalia, na kweli wamefiwa. Wanasema baba ni wao na mlango ni wao. Fundi akifungua, amewapa upande mmoja nafasi ya kuchagua kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana kwenye orodha ya mali. Mwenye mamlaka ya kukusanya mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za vijijini hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Fundi mwenye akili anauliza barua ya uteuzi. Ikiwa hitaji ni la dharura, kama kuchukua nguo za maziko, anafungua mbele ya wazee wa ukoo wa pande zote na mwenyekiti wa kijiji, kisha anafunga na kukabidhi ufunguo kwa mwenyekiti. Watamwita mkaidi. Na awe mkaidi.

Mwingine ni mwenye nyumba anayetaka kitasa kibadilishwe wakati mpangaji yuko kazini kwa sababu kodi ya miezi miwili haijalipwa. Nyumba ni yake, hilo halina ubishi. Vitu vilivyo ndani si vyake. Ugomvi wa kodi una mahali pake, na fundi aliyebadilisha kitasa atakuwa shahidi wa kwanza, kama si mshtakiwa, mpangaji akidai kwamba fedha zake zilikuwa chini ya godoro.

Siku hizi wameongezeka wale wakopeshaji ambao mitaani wanaitwa kausha damu. Mdaiwa akishindwa rejesho, wanakuja kubeba friji na televisheni, na mlango ukiwa umefungwa wanamtafuta fundi. Wanakuwa na karatasi yenye sahihi ya mdaiwa. Karatasi hiyo si amri ya mahakama. Amri ya kukamata mali hutekelezwa na dalali wa mahakama, naye huja na amri yenye mhuri na namba ya shauri. Fundi asiyejua tofauti ya karatasi hizo mbili atafungua milango mingi ya watu maskini akidhani anatekeleza sheria.

Tukizungumzia mhuri, meza hiyo hiyo ya fundi ndiyo inayotengeneza mihuri ya mpira. Mhuri wa chama cha msingi, wa shule, wa ofisi ya kijiji. Ni ufunguo wa aina nyingine, na kwa mkulima unaweza kuwa na madhara makubwa kuliko ule wa chuma. Stakabadhi bandia ya mazao yenye mhuri unaofanana na wa AMCOS haihitaji kuvunja ghala. Jambo hili linastahili makala yake, lakini kanuni ni ile ile: anayeagiza mhuri wa taasisi alete barua ya taasisi, na fundi apige simu kuuliza.

Ghala la pamba na mwenye kushika ufunguo

Tangu msimu wa 2018 Serikali iliporudisha ununuzi wa pamba kupitia vyama vya ushirika vya msingi, maghala ya AMCOS katika vijiji vya Bunda na Butiama yamekuwa na kazi tena. Kuanzia Mei pamba hupimwa, hufungwa na kusubiri magari. Katika wiki hizo jasho la kijiji kizima linalindwa na kufuli moja au mawili na mlinzi mwenye tochi.

Pamba ni nzito na huonekana, mtu habebi robota kwa pikipiki bila kuulizwa. Kwa hiyo wizi wa ghala unaotisha ni ule wa kidogo kidogo: kilo hamsini leo, mfuko wa viuadudu kesho, chupa za dawa, mizani kuguswa. Wizi huo hauhitaji nguvu. Unahitaji ufunguo wa ziada. Na mwisho wa msimu, upungufu unapoonekana, katibu na mtunza ghala ndio wanaodaiwa, kwa sababu kwenye kitabu ufunguo uko kwao.

Duka la mjini lina tatizo hilo kwa sura nyingine. Mfanyabiashara mwenye bima ya wizi asome mkataba wake vizuri. Bima nyingi za aina hiyo hudai kuwe na dalili za kuingia kwa nguvu: kufuli lililokatwa, mlango uliopasuliwa, bati lililong'olewa. Mwizi aliyeingia kwa ufunguo na kufunga vizuri wakati wa kutoka anaweza kumwacha mwenye duka bila bidhaa na bila fidia. Pia anamwacha na shaka juu ya kijana wake wa dukani, ambaye huenda hakufanya lolote.

Ni haki kusema upande wa pili. Wizi mwingi katika mkoa huu hauna uhusiano wowote na fundi funguo. Mwizi wa kijijini hutoboa ukuta wa matofali mabichi, hufunua bati au hung'oa komeo zima pamoja na misumari yake. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaoporwa injini za mitumbwi majini hunyang'anywa kwa panga na bunduki, si kwa ufunguo. Ng'ombe hawafungwi kwa kufuli. Anayemwona kila fundi kama mshirika wa wezi anamwonea mtu anayejitafutia riziki, na anasahau kutazama ukuta wake.

Kufuli ni bovu, fundi analaumiwa

Sehemu kubwa ya lawama inayomwangukia fundi ni ya dukani. Ndani ya kufuli la kawaida mna vijiti vidogo vinavyosukumwa na meno ya ufunguo, mfumo uliopewa hataza Marekani na Linus Yale miaka ya 1860 na ambao haujabadilika sana tangu hapo. Kufuli lenye vijiti vinne, kila kimoja kikiwa na vina vitano vinavyowezekana, linaweza kuwa na funguo tofauti 625 tu kwa hesabu ya karatasi. Kikiongezwa kijiti cha tano, zinakuwa 3,125. Kiwandani nyingi kati ya hizo hazitumiki, na makufuli ya bei poa hutengenezwa kwa ulegevu kiasi kwamba ufunguo wa jirani unaokaribia kufanana nao huzungusha. Katika katoni moja la bei ya chini si ajabu kukuta makufuli mawili yanayofunguana.

Mnunuzi afanye nini? Ajaribu ufunguo wa kufuli moja kwenye makufuli mengine ya katoni hiyo hapo hapo dukani. Muuzaji akikataa, hilo nalo ni jibu. Ahesabu mabonde kwenye ufunguo: matano au sita ni bora kuliko matatu. Kwa mlango wa ghala, chuma kinachobeba kufuli kichomelewe na si kufungwa kwa skrubu zinazofunguliwa kwa bisibisi. Yupo mtu mmoja anayeweza kumwambia haya yote bila kumuuzia chochote, naye ni yule fundi wa pembeni ya soko. Anajua ni kufuli gani analifungua kwa dakika moja na lipi linamtoa jasho. Ushauri huo ungeweza kuwa sehemu ya biashara yake, na kwa maoni ya makala haya, mafundi wanapoteza fedha kwa kuutoa bure au kuuficha kabisa.

Kuuficha kuna historia. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Hobbs alifungua kufuli la kampuni ya Bramah lililokuwa limewekwa dirishani kwa miongo mingi na zawadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 katika siku 16. Likazuka bishano: je, ni uadilifu kuwaambia watu kwamba kufuli wanaloliamini linafunguka? Wengine walisema anawafundisha wezi. Jibu la upande wa Hobbs lilikuwa kwamba wezi walishajua, asiyejua ni mwenye mali. Bishano hilo lingali hai kwenye kila meza ya fundi. Kumwambia mama mwenye duka kwamba kufuli lake ni bovu ni wema. Kumfundisha mtu asiyemfahamu namna ya kulifungua ni jambo jingine, na mstari kati ya hayo mawili haupotei ila kwa anayetaka upotee.

Leseni au wadhamini?

Afrika Kusini imeamua. Sheria yake ya ulinzi binafsi ya mwaka 2001 inamhesabu fundi funguo kuwa mtoa huduma ya ulinzi, naye hutakiwa kusajiliwa na mamlaka husika. Baadhi ya majimbo ya Marekani, California ikiwemo, nayo yanadai leseni. Kwa Tanzania fundi funguo anatazamwa kama mfanyabiashara mdogo mwingine yeyote. Mwaka 2018 vilipotoka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka, fundi funguo na muuza karanga walisimama foleni moja. Kwa mfano wetu wa juu, fundi wa funguo tano ana mauzo ya Sh3.12 milioni kwa mwaka na angestahili. Wa funguo nane, mwenye Sh4.99 milioni, asingestahili.

Je, tuige Afrika Kusini? Kuna sababu ya kusita. Leseni ya kitaifa ingekuwa na ada, fomu na safari za Dodoma au Mwanza. Fundi mwaminifu wa Bunda angelipa, yule wa sabuni angeendelea kuchonga nyumbani usiku. Bei ya ufunguo ingepanda, na mwenye mamlaka ya kukagua angepata sababu mpya ya kupita vibandani. Wafanyabiashara wadogo wanajua ukaguzi wa namna hiyo huishia wapi.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kiko karibu. Halmashauri ya Manispaa ya Musoma, Mji wa Bunda na Wilaya ya Butiama kila moja inaweza kuwa na orodha ya mafundi wake, kila mmoja akiwa na wadhamini wawili na barua ya mtendaji wa kata, na nakala polisi. Orodha ibandikwe sokoni. Si leseni, ni kufahamika. Fundi aliye kwenye orodha anapata wateja wa taasisi, wenye ghala na benki, na asiyekuwemo ataulizwa kwa nini. Mafundi wenyewe wakae wakubaliane mambo machache: hakuna kuchonga kwa alama ya sabuni wala picha ya simu, hakuna kufungua mlango bila shahidi wa mtaa, na ufunguo wa ofisi au ghala haunakiliwi bila barua.

Wengine wanapendekeza daftari, jina na namba ya kitambulisho cha Taifa kwa kila ufunguo. Ni wazo zuri lenye mwiba. Daftari linaloonyesha nani anakaa wapi na ana kitasa gani ni hazina kwa mwizi atakayeliiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Fundi aandike jina, tarehe na simu, basi. Asiandike mlango ulipo, na kamwe asijiwekee nakala ya ufunguo wa mteja "kwa usalama".

Vikundi navyo visisubiri halmashauri. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imevitaka vijisajili, na usajili huo unadai katiba. Katiba hiyo inaweza kuongezwa kifungu kifupi: kila mwisho wa mzunguko, siku ya kugawana, makufuli yote matatu yanauzwa kwa mnada kwa wanachama wenyewe na mapya yananunuliwa na watu watatu kutoka maduka matatu tofauti, pakiti zikifunguliwa mkutanoni. Funguo za akiba zinazokuja na kila kufuli, ambazo vikundi vingi husahau kuuliza ziko wapi, zihesabiwe mbele ya wote na zifungiwe ndani ya sanduku lenyewe. Kwa kikundi cha watu 25, gharama ya makufuli matatu mapya kwa mwaka, ikigawanywa kwa wote, ni ndogo kwa kila mwanachama.

Kijana aliyeko Bunda anayetaka kuanza aanze na meza, tupa na fundi wa kumfundisha, mashine baadaye. Katika mwaka wa kwanza atakataa kazi ambazo zingemlipa vizuri kuliko zote alizofanya. Aziandike pembeni, kiasi gani alikataa na kwa nini, aijumlishe Desemba.